Mwaka wa Kuijaribu Penseli ya Mize

Mwezi uliopita nilialikwa harusi Kiembe Samaki, na kabla sijavua viatu mlangoni nikamwona Mize. Miaka mingi hatukuonana. Yeye aliolewa akahamia Dar es Salaam, mimi nikabaki na ngazi zangu za Mji Mkongwe. Amezeeka, alhamdulillahi. Ana miwani minene, goti moja linamsumbua, na meno ya mbele si yake ya kuzaliwa nayo. Hayo yote niliyaona kabla hajakaa chini, kwa sababu nilikuwa nayatafuta. Lakini alipoingia tu, wanawake walisimama. Mwenye nyumba aliacha kupakua akaja kumpokea, wasichana wakaja mmoja mmoja na "Shikamoo Bi Mize," naye akiitikia "Marahaba, marahaba," na mmoja akamnong'oneza mwenziwe, "Huyu ndiye aliyekuwa akichora kofia, zile kofia za kweli." Nilikuwa nimekaa palepale, buibui langu limegusana na la msichana yule, na hapana aliyemwambia mimi ni nani. Basi ule wivu niliodhani nimeuzika pamoja na mambo mengine ya usichana ukanyanyuka na nguvu zake zote. Magoti yangu yamechoka, macho yamechoka, wivu bado mbichi.

Sina haja ya kuanza na wazee wangu wala na kuzaliwa kwangu. Mwaka ninaoukumbuka unaanza ndani ya chumba cha juu cha Bi Zuwena, Kiponda, nilipokuwa nimemaliza skuli na sina pa kwenda. Chumba kilikuwa na dirisha moja kubwa lililotazama uchochoroni, na mwanga wa maana ulikuwa wa asubuhi tu, kabla ukuta wa jirani haujaukata. Chini ya dirisha ulitandikwa mkeka mmoja, na nyuma yake mikeka mingine mpaka mlangoni. Ule wa dirishani ulikuwa wa mwenye kuchora. Ya nyuma ilikuwa yetu sisi wenye kushona, na kadiri ulivyokuwa mgeni ndivyo ulivyokaa karibu na ngazi, ambako ulisikia harufu ya kila kinachopikwa chini na huoni tundu la sindano yako. Bi Zuwena alikuwa mtu mzima mrefu, mkimya, wa wale watu ambao zamani walikuwa na mashamba ya karafuu upande wa Kizimbani. Mimi nilimkuta na sindano na heshima yake, na vyote viwili alivitunza vizuri.

Vijana wa leo wanavaa kofia za mashine, kwa hiyo huenda hawajui kofia ya mkono inaanzia wapi. Inaanzia kwenye penseli. Bafta, kitambaa cheupe cha pamba, hukatwa vipande viwili, duara la juu na utepe wa kuzunguka kichwa, kisha mtu mmoja huchora juu yake maua, majani na mawimbi, kila mstari mahali pake. Wengine hufuata mistari ile kwa sindano, hutoboa vitundu vidogo na kuvizungushia uzi wa hariri, na kazi hiyo huchukua miezi. Kofia ikishakamilika hufuliwa kwa sabuni na kuanikwa, hufuliwa tena na kuanikwa tena, mpaka mstari wa penseli upotee. Hapo ndipo hutiwa kanji, maji ya wanga ya kuikaza, na kuvishwa juu ya bakuli lililopinduliwa, ikauke na umbo lake. Mchoro hauonekani tena, na hata hivyo jina linalobaki ni la aliyeuchora. Hapana anayesema kofia hii ameishona fulani. Watu huigeuza mkononi, huitazama kwenye mwanga wa jua na kusema, "Huu mkono wa Bi Zuwena." Aliyepofuka kwa kuishona hatajwi.

Mwaka ule Bi Zuwena alitwambia amechoka kuchora, na kwamba kabla ya Ramadhani atamwachia mmoja wetu mkeka wa dirishani. Hakumtaja. Mimi sikuhitaji kutajiwa, kwa kuwa nilishajitaja mwenyewe. Nilikuwa na mkono safi, nilijua kugawa duara kwa uzi na pini, na alipokuwa na wageni alinipa mimi penseli nimalizie. Usiku nikilala nilisikia masikioni watu wakisema, "Huu mkono wa Nasra." Niliupenda usemi ule kuliko nilivyompenda mchumba wangu, ambaye wakati huo nilikuwa naye na baadaye sikuwa naye.

Kisha akaja Mize. Aliletwa na shangazi yake, Bi Salama, mmoja wa washonaji wetu wa zamani, mwanamke mnene mwenye maneno mengi. Mize alikuwa ametoka Tumbatu juzi tu, kanga zake zina harufu ya moshi, na alikaa karibu na ngazi kama ilivyokuwa desturi. Hakukaa sana. Siku moja Bi Zuwena alimpa kipande cha bafta kilichobaki na penseli, ajichezee. Mimi kuchora ua nilihitaji kikombe cha kuzungushia, uzi, pini na utulivu. Mize aliinama, akavuta pumzi, akachora duara kwa mkono mtupu, na ndani yake ua la majani yaliyolingana, huku akimjibu Bi Salama habari za nani kaolewa kwao. Bi Zuwena alikishika kile kipande muda mrefu. Akakikunja, akakitia kwenye kifua chake, ndani ya nguo. Vipande vyangu vilitupwa kapuni.

Tokea siku hiyo sikuwa na raha. Saa ya chai ilipofika tulikula pamoja mkate wa mofa, siku nyengine kwa dengu, siku nyengine kwa pweza wa nazi ambaye harufu yake ilipanda ngazi na kutuharibia mishono. Bi Zuwena ndiye aliyegawa. Nilimwona akichagua mkono mnene wa pweza na kuuweka upande wa Mize. "Kula, mwanangu, kazi yako inataka kichwa." Mimi kazi yangu ilikuwa inataka nini, miguu? Nilikula kilichokuwa mbele yangu nikatabasamu. Nilijifundisha kutabasamu mwaka ule. Nilimsifu Mize mbele ya watu, nilimwazima kanga yangu siku ya mvua, na moyoni nilimwombea ashikwe na homa ya kumrudisha kwao, si ya kumuua, ya kumrudisha tu.

Penseli ilikuja kipindi cha vuli. Mize alikuwa ametumwa Darajani kununua uzi, akarudi na kitu kingine kimefungwa kwenye pindo la kanga. Alikifungua mbele yetu. Ilikuwa penseli ya plastiki ya rangi ya buluu, unaona mpaka ndani, na kikopo kidogo cha njiti nyembamba za risasi. Penseli za namna hiyo zilikuwa zimetundikwa kwenye vibanda vya vitu vya skuli, tena rahisi, kila mtu ananunua.

"Nini hicho?" aliuliza Bi Zuwena.

"Penseli, Bi Zuwena. Hii haichongwi. Unabonyeza hapa juu, njiti inatoka." Akabonyeza, ikalia, njiti ikachungulia.

"Haichongwi!" alisema Bi Salama. "Na wembe wangu mie nkatie nini, kucha?"

Wote wakacheka. Mimi nilisema, kwa ile sauti yangu ya upole, "Kitu cha watoto hichi. Rahisi namna hii, mwisho kitatuharibia bafta za watu."

Bi Zuwena aligeuka kunitazama. "Ushaijaribu?"

"La."

"Basi ichukue. Mpe, Mize. Kaa nayo wewe Nasra, itie kazini kila siku, na kila ubaya wake uutafute. Mwenzio akitaka kuchora nayo mwachie, lakini macho yako yawe juu yake. Siku ntakayokuuliza utanambia inafaa au haifai, na utakalosema ndilo tutakalofuata."

Mize alinipa penseli na njiti zake bila ya kununa, akanionyesha hata namna ya kuijaza. Hilo liliniudhi zaidi kuliko kama angenuna. Lakini nilipoishika mkononi nilijua nilichopewa. Ikiwa penseli haifai, aliyeileta ni msichana wa juzi anayecheza na mali za watu, na msichana kama huyo hakalishwi dirishani.

Sijapata kufanya kazi kwa bidii kama nilivyofanya kuitafutia kosa penseli ile. Makosa yalikuwapo, na nitayasema kama nilivyoyakuta. Raba yake ya juu haina maana, inaacha alama ya waridi kwenye bafta ambayo ni mbaya kuliko kosa lenyewe. Kile kibanio cha kushikizia mfukoni kilivunjika upesi, na sisi wenyewe hatuna mifuko. Ukibonyeza kwa pupa njiti hutoka ndefu na kukatika, kipande kinaruka juu ya nguo, na ukikifuta kwa kidole umeshaipaka nguo weusi, lazima ukipulize. Ncha yake ni ya chuma, na ukiishika wima hushika uzi wa bafta na kuuvuta, kwa hiyo sharti uilaze. Wakati wa joto plastiki huteleza mkononi. Hili nililitibu mwenyewe kwa kuizungushia uzi mahali pa vidole, kisha nikajikasirikia, maana nilikuwa nimepewa kazi ya kuifichua na mimi naitengeneza.

Njiti nazo si zote moja. Zile laini zinang'aa na kupakaa, zile ngumu zinakwaruza mpaka nguo inalia. Za katikati zilikwenda vizuri. Na hapo ndipo ubaya ulipoanza kwisha na mimi nikaanza kuingiwa na hofu. Penseli ya mti, hata uichonge vipi kwa wembe, huanza duara kwa mstari mwembamba na kulimaliza kwa mstari mnene, na mshonaji hajui afuate ukingo gani, basi tundu linapanuka na ua linakuwa na upande mmoja mkubwa. Kwa miaka watu walidhani hiyo ni kasoro ya mkono. Penseli ya Mize ilimaliza duara kama ilivyolianza. Haikuacha vumbi la kuchongea juu ya nguo nyeupe. Haikumwinua mtu kutafuta wembe kila baada ya majani mawili. Nilichora nayo asubuhi nikijiambia naichunguza, na nikisikia mlio wake wa kubonyeza moyo wangu unafurahi. Nikampa Mize achore nayo mbele yangu ili nione kama kwake itakataa. Kwake ndiko ilikokuwa nyumbani. Nilikaa nyuma ya bega lake nikatazama mstari unatoka kama alikuwa anaufuata na si kuutengeneza, na nikaona, wazi kabisa, kwamba hata nipewe penseli za dunia nzima mimi sitachora hivyo. Nilishuka chini nikajifanya nakwenda kunywa maji.

Nilibakiwa na matumaini ya mwisho, kufua. Nilichukua mabaki ya bafta, nikayachora kwa penseli ile, nikayafua kwa sabuni ya mche na kuyaanika juu ya paa. Mstari ulitoka. Nikachora vipande vyengine, nikavipiga pasi kwanza, ndipo nikavifua. Ulitoka, kwa ukaidi kidogo. Mwisho nikachora kipande na kukitia kanji kabla mstari haujatoka wote. Hapo niliupata ukijivu ambao haukutoka tena, hata nilipochemsha, hata nilipokiacha juani siku nenda siku rudi. Nilifurahi mno nikacheka peke yangu juu ya paa, paka wa jirani akakimbia. Kisha nikafikiri, na kufikiri ndio msiba wangu. Nikachukua kipande kingine, nikakichora kwa penseli ya mti, nikakitia kanji mapema vilevile. Ukijivu uleule. Kosa halikuwa la penseli, lilikuwa la kanji. Nilivikausha vipande vile vyote nikavifunga kwenye kitambaa, bila ya kujua nataka kumwonyesha nani.

Katika siku hizo ndipo niliposikia nilichosikia. Nilikuwa napanda ngazi na birika la chai, ngazi zile za mawe zilizoliwa katikati, nami nilikuwa natembea peku. Bi Zuwena alikuwa anazungumza na Bi Salama ndani, peke yao.

"Mize ana mkono," alisema Bi Zuwena. "Mie kwa umri wangu sijaona mkono kama ule."

"Na Nasra jee?"

"Nasra ana jicho. Hapana linalompita. Lakini jicho halichori, Salama."

"Watu watasema umemwacha mtoto wa mjini ukamweka wa Tumbatu."

"Na waseme. Hiyo penseli ikiwa kweli inafaa, mkeka ntampa Mize na ntakuwa nshamaliza."

Nilisimama pale mpaka birika likaniunguza kiganja. Nikashuka ngazi chache, nikapanda tena kwa kishindo ili wanisikie nakuja, nikawamiminia chai, na nikamtilia Bi Zuwena sukari kama anavyopenda. Jicho! Mtu ana njaa unamwambia ana meno mazuri. Lakini kwa jicho hilohilo nilikuwa nimeshaona ambalo yeye alilificha. Bi Zuwena hakuwa anatunga uzi kwa kuutazama tena, alikuwa anautunga kwa kupapasa. Kofia alizisogeza puani. Na kazi ya mwisho, kufua na kutia kanji, alikuwa haimpi mtu. Ilikuwa desturi ya nyumba ile tangu zamani kwamba kanji hutiwa na mkono wa mwenye nyumba, na kofia haitoki mpaka yeye aitazame dirishani. Alikuwa anazitazama bado, kila moja, kwa heshima zote, na sidhani kama alikuwa anaona kitu.

Shaaban ilipoingia, alikuja mwanamke mmoja kutoka Mtoni, mama wa bwana harusi. Kofia ya mwanawe ilikuwa imetoka kwetu siku chache kabla. Aliichora Mize kwa ile penseli, aliishona Bi Salama, na kanji alitia Bi Zuwena. Mwanamke yule alipanda ngazi akihema, akasalimia, akakataa kukaa. Alikuwa na haki ya kukataa. Akaifunua kanga aliyoifungia kofia na kuinyanyua kwenye mwanga.

"Bi Zuwena, mie nakuheshimu na unajua. Lakini tizama mwenyewe. Mwanangu avae hii mbele za watu?"

Chini ya hariri nyeupe kulikuwa na ukijivu, ua kwa ua. Tulioketi nyuma tuliuona. Bi Zuwena aliipokea, akaigeuza dirishani, akaigeuza tena, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Hapo nikahakikisha kwamba hauoni.

"Mmechorea nini?" mwanamke aliuliza.

Mize akasema akiwa ameinama, "Penseli ya kubonyeza. Mie ndiye niliyechora."

"Zile za plastiki za Darajani? Basi ndio maana! Yarabi, kofia ya harusi kwa kitu cha watoto!"

Maneno yangu yaleyale, kutoka kinywani mwa mtu asiyenijua. Bi Salama alianza kulia kimyakimya, kwa kuwa ile hariri iliyopotea ilikuwa miezi yake. Mize hakulia. Mikono yake alikuwa ameificha ndani ya kanga.

"Nasra," aliita Bi Zuwena.

"Naam."

"Hii siku yako. Sema. Inafaa au haifai?"

Sijawahi, kabla wala baada ya hapo, kupewa jambo kwa wepesi namna ile. Neno moja tu, na mkeka wa dirishani wangu. Tena neno hilo lingemsitiri Bi Zuwena mbele ya mgeni, mtu angeweza hata kuliita heshima. Nililitafuta lile "haifai" nikaliweka kwenye ulimi. Nikamtazama Mize, nikamchukia vizuri kwa mara moja zaidi, nikafungua mdomo. Lakini nilikuwa nimekaa na ile penseli karibu mwaka mzima. Niliijua kuliko mtu yeyote mle ndani. Nilijua inapokatika na kwa nini, nilikuwa nimeivisha uzi isiteleze, na kulisema jambo la uongo juu yake kulinishinda, kama ambavyo nisingeweza kushona kinyume na mstari. Si wema. Laiti kosa lingekuwapo, ningelisema kwa nderemo.

"Inafaa," nilisema. "Mstari wake unatoka kwa maji na sabuni. Lakini kofia ikitiwa kanji kabla mstari haujatoka, hautoki tena, na penseli ya mti ni hivyohivyo. Kofia hii imetiwa kanji mapema."

Nikavileta vile vipande vyangu na kuvipanga mkekani mbele ya mgeni, vya penseli ya buluu upande huu, vilivyotoka na vilivyogoma, na kile cha penseli ya mti upande ule. Mwanamke wa Mtoni aliinama akavitazama kimoja kimoja. Alikuwa mtu wa haki. "Kweli," akasema. Halafu sisi wa nyumba tukainamisha macho, kwa sababu wote tulijua kanji inatiwa na nani.

Bi Zuwena alikaa chini, polepole, akishika nondo ya dirisha. "Kanji natia mie," alisema. "Basi macho yangu hayo. Niwie radhi, mwanangu, nimekuharibia." Akaomba ufunguo, akafungua kasha, akapapasa mpaka chini na kutoa kofia aliyoichora na kuishona mwenyewe zamani kwa ajili ya marehemu mumewe. Mgeni alikataa, akakataa tena, mwisho akaipokea kwa mikono miwili akaibusu. Alipoondoka, Bi Zuwena aliinuka kwenye mkeka wa dirishani, akasogea upande. "Mize, njoo ukae hapa." Na mimi akaniambia, "Nasra, tokea leo kofia haitoki nyumba hii mpaka uitizame wewe."

Wengine walisema nimetukuzwa. Mimi nilijiona nimeshinda kesi ya mtu mwingine na kupoteza yangu. Nilizitazama kofia zile miaka mingi, mpaka Bi Zuwena akafariki, Mungu amrehemu, na hapana hata moja iliyotoka na ukijivu. Hapana pia aliyewahi kuinyanyua kofia akasema, "Hili jicho la Nasra." Walisema mkono wa Mize, mpaka mwenyewe alipoolewa akaondoka, na walivyokuwa hawana tena wa kumsema wakaanza kununua za mashine. Penseli sijaiacha. Ile ya kwanza ilipasuka, nimenunua nyingine na nyingine, zilezile rahisi, nazitumia kuchorea kanzu kabla ya kuzikata na kuandikia mahitaji ya nyumbani. Mtu akiniuliza kama inafaa kwa matumizi ya kila siku humjibu kwamba inafaa, asijali raba, na asibonyeze kwa pupa.

Kule Kiembe Samaki tulikalishwa sinia moja, Mize na mimi, kwa kuwa tu wazee na miguu yetu inataka ukuta. Tulikula pilau. Watu waliendelea kuja kumpa mkono. Akajifuta vidole, akaniinamia.

"Nasra, nna neno langu la zamani. Siku ile ya kofia ya Mtoni, sijapata kukushukuru."

"Usinishukuru," nilimwambia. "Sikukusemea wewe. Niliisemea penseli."

Alicheka mpaka akashika lile goti lake bovu.

"Najua, shoga! Ungeweza kunimeza mzima mwaka ule. Nyumba nzima tukijua. Shangazi akinambia, usikae karibu na Nasra mkononi ana sindano. Unafikiri kwa nini Bi Zuwena alikupa wewe uijaribu? Angempa Shangazi, watu wangesema ananitetea. Alimtafuta mtu ambaye hataki ifae. Ndio maana uliposema inafaa, hapana aliyeuliza mara ya pili."

Tonge langu likabaki njiani. Miaka yote ile, katika yote niliyoyakosa, nilikuwa nikijisifu moyoni kwa jambo moja tu, kwamba wivu wangu hapana aliyewahi kuujua.